Kamyo la Zamani Kurudi Barabarani: Namna ya Kuwasha Motere ya Mazutu Bila Kuumia



Kila siku tunaona makamyo makubwa yenye remorki yakipita kati ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Yanabeba shaba, kobalti, chokaa na asidi. Mengine yanaanguka, mengine yanavunjika motere, na mengine yanaachwa kando ya njia mpaka majani yanaota ndani ya kabini. Mwenye nalo anachoka, anauza mzoga kwa bei ndogo.

Hapo ndipo mfanyakazi wetu anaingia. Anakusanya akiba yake, au dekonti yake ya mwisho wa kazi, anaungana na ndugu wawili watatu, wananunua mzoga na kuuvuta mpaka ndani ya lupango. Wanatafuta sanduku la vitesi huku, radiatere kule. Siku ya Mungu baada ya ibada, wanavua mashati na kuanza kazi.

Kazi hiyo ni nzuri. Kamyo moja linaweza kulisha jamaa tatu na kulipa masomo ya watoto. Hatuandiki kwa kuwakataza. Tunaandika kwa sababu sisi wa dispanseri tunapokea vidole, macho na mapafu ya mafundi hao. Tena tunashangaa jambo moja: fundi yule yule anayevaa kofia, viatu vya chuma na miwani pale kazini siku ya Ijumaa, siku ya Mungu analala chini ya kamyo lake akiwa na kandambili. Kazini kuna shefu wa usalama. Katika lupango, shefu wa usalama ni wewe mwenyewe, na wamama ndio wasaidizi wako.

Tufuate kazi hatua kwa hatua.

1. MAHALI PA KAZI

Chagua mahali pa sawasawa na pagumu. Udongo laini unazama chini ya kriki, hasa wakati wa mvua. Weka kamba au miti kuzunguka kamyo, na watoto wote wabaki nje ya kamba. Mtoto anapenda kujificha chini ya kamyo na kucheza na usukani. Mtoto hana kosa. Mkubwa ndiye anayepaswa kulinda.

Mbabula ya mama isiwe karibu na kazi. Tengeneza ndoo mbili za mchanga mkavu na kizima-moto cha unga. Moto wa mazutu au wa esansi usiumwagie maji, kwani mafuta yanaelea juu ya maji na moto unatembea pamoja nayo.

Mafuta machafu ya motere yaingie katika pipa lenye kifuniko. Usiyamwage karibu na kisima. Maji yale unakunywa wewe na jirani yako.

2. KUINUA KAMYO

Shika neno hili: kriki inainua, haishiki. Mpira mdogo wa ndani ya kriki ukipasuka, tani nyingi zinashuka mara moja, na hakuna mtu mwenye nguvu ya kuzizuia. Kwa hiyo:

— Zuia magurudumu mbele na nyuma kwa vipande vikubwa vya mti.
— Inua kwa kriki, kisha kalisha shasi juu ya shandeli za chuma, au juu ya mbao nzito za reli zilizopangwa kwa kupishana.
— Matofali hapana. Tofali linabeba, linabeba, kisha linapasuka bila kutoa onyo.
— Sukuma kamyo kwa nguvu kabla ya kuingia chini. Kama linatikisika, panga upya.

Tazama pia freni. Kamyo kubwa lina freni za hewa. Hewa ikiisha, risorti kubwa iliyo ndani ya chungu cha freni inasukuma na kufunga magurudumu. Ili kuvuta mzoga, mafundi wanaifunga risorti hiyo kwa bulon ndefu. Basi kumbukeni: tangu saa hiyo kamyo halina freni ya kusimama. Vipande vya miti peke yake ndivyo vinavyolishika. Tena, chungu hicho cha risorti usikifungue kamwe nyumbani. Risorti imebanwa kwa nguvu kubwa sana, ikitoka inaweza kuua mtu. Chungu kibovu kinabadilishwa kizima.

Kabini inayolalishwa mbele inahitaji fimbo yake ya kuishika. Kama fimbo imepotea, tengeneza nyingine ya chuma kigumu kabla ya kuingiza kichwa chako juu ya motere.

3. MIPIRA NA JANTE

Mpira wa kamyo unabeba hewa ya bar 7 au 8. Jante nyingi za zamani zina vipande viwili au vitatu, na duara la chuma ndilo linaloushika mpira. Kama duara limekula kutu au halikukaa vema, linaruka kama risasi wakati wa kupuliza.

Toa hewa yote kabla ya kufungua nati yoyote. Safisha kutu, na duara lililopinda litupwe. Wakati wa kupuliza, weka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma, tumia bomba refu, simama kando. Usisimame mbele ya duara, wala usiiname juu yake.

Usichomee jante kwa moto wakati mpira bado umo, hata kama hewa imetolewa. Joto linauchoma mpira kwa ndani, gesi inajaa, na yote inapasuka baada ya dakika chache.

4. MOTERE: TUIFAHAMU KWANZA

Motere hii ina jina la mtu. Rudolf Diesel, mwenye elimu wa Ujerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alionyesha motere yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri huko Augsburg mwaka 1897. Akili yake ilikuwa hii: motere haina buji ya kutoa cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inabaki sehemu moja ya 15 au ya 20 ya ukubwa wake. Hewa iliyobanwa hivyo inapata joto la kupita digri 500. Ndipo mazutu yanapulizwa ndani kama ukungu, na yanawaka yenyewe.

Kutoka hapo tunapata mafunzo mawili ya usalama. Kwanza, ili mazutu yawe ukungu, yanasukumwa kwa nguvu ya kutisha: bar 200 na zaidi kwa motere za zamani, na bar zaidi ya 1500 kwa motere mpya zinazoongozwa na umeme. Pili, kwa kuwa hakuna cheche, kuondoa ufunguo hakutoshi sikuzote kuizima. Motere ikipata hewa na kitu cha kuchoma, itaendelea.

5. KABLA YA KUWASHA

(a) Mafuta. Chomoa kijiti cha mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Mwaga yote, tafuta chanzo, weka mafuta mapya na filtri mpya.

(b) Maji ndani ya silinda. Hewa inabanwa, lakini maji hayakubali. Ukizungusha motere yenye maji kwa demarere, bieli inapinda au inavunjika, na mali yako imekwisha. Toa enjektere zote, kisha zungusha motere kwa mkono kwa chuma kirefu, mizunguko miwili kamili. Wakati huo batri ziwe zimefunguliwa, ili ndugu mwingine asiguse ufunguo na kukukata mkono.

(c) Turbo. Zungusha kijiti chake kwa kidole. Kinapaswa kuzunguka bila kugusa ukuta. Kama bomba la hewa limelowa mafuta, turbo inavuja. Isafishe na kuitengeneza sasa, kwani motere inaweza kuyavuta mafuta hayo na kukimbia yenyewe.

(d) Tanki. Lisafishe kutu na uchafu. Usilichomee wala kulikata wewe mwenyewe, hata kama lilikaa tupu miezi mingi. Mvuke wa mazutu unabaki katika kutu, na ukipata moto tanki linalipuka. Kulisuuza mara moja kwa maji hakutoshi. Mpelekee fundi mwenye vyombo, au nunua jingine.

(e) Hewa katika mabomba ya mazutu. Fungua kidogo skrubu ya juu ya filtri, piga pompi ndogo ya mkono mpaka mazutu yatoke bila mapovu, kisha funga. Kwa motere ya zamani, mafundi hufungua kidogo nati za mabomba ya enjektere huku mwingine akizungusha demarere. Anayefanya hivyo avae miwani, aweke uso na mikono mbali. Kwa motere mpya jambo hilo ni marufuku kabisa. Pompi ya mkono inatosha.

(f) Batri. Kamyo nyingi zinatumia batri mbili za volti 12 zilizoungwa pamoja kufanya 24. Vua pete na saa. Batri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka, basi sigara na mbabula mbali. Unapoazima nguvu ya kamyo lingine, liwe pia la volti 24. Kamba ya masi iungwe mwisho, katika chuma cha shasi kilicho mbali na batri.

(g) Namna ya kuzima. Hii wengi wanaisahau. Kabla ya kuwasha, jaribu kwanza kifaa cha kuzimia kama kinatembea. Kisha tayarisha ubao mgumu au bati nene linalofunika mdomo wote wa bomba la hewa, na mtu mmoja asimame nalo karibu. Motere ikianza kupanda mbio bila kusikia, anafunika mdomo huo. Bila hewa itakufa. Asitumie kiganja wala kitambaa, vitavutwa ndani. Kama motere imekwisha kupanda mbio sana na huwezi kufika karibu, watu wote wakimbie kando, kwa maana vipande vya chuma vitaruka.

6. SAA YA KUWASHA

Mtu mmoja tu anatoa amri. Wengine wote wanyamaze. Watoto wahesabiwe: wako wapi?

Mara ya kwanza zungusha demarere huku mazutu yamefungwa, sekunde 10 au 15, ili mafuta yapande mpaka kwenye turbo na vilbrekeni. Pumzisha demarere dakika moja. Rudia mpaka manometa ya mafuta ionyeshe kitu. Ndipo ufungue mazutu na uwashe.

Usipulize eteri wala esansi katika bomba la hewa kwa kuharakisha. Motere yenye buji za kupasha joto, au chuma cha moto ndani ya bomba, italipuka usoni pako. Motere isiyowaka inakuambia kitu: ama hewa iko ndani ya mabomba, ama batri ni dhaifu, ama kubana kumepungua. Tafuta sababu. Haraka haraka haina baraka.

Ikiwaka, usikanyage gesi. Tazama manometa: kama nguvu ya mafuta haipandi kwa sekunde kama kumi, zima. Kisha soma moshi:

— Moshi mweupe: motere ni baridi, mazutu hayaungui vema. Kama haukwishi baada ya joto, pengine maji yanaingia.
— Moshi mweusi: mazutu ni mengi, au hewa ni kidogo.
— Moshi wa samawati: motere inakula mafuta yake.

Kazi hii ifanyike nje, si ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wa motere una gesi ya sumu isiyo na harufu, inayoleta maumivu ya kichwa, kutapika, usingizi na kifo. Tena, mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) walithibitisha kwamba moshi wa dizeli unaleta kansa ya mapafu. Mtu yeyote asilale ndani ya kabini huku motere inazunguka mahali palipofungwa.

Mkanda na vanteratere havina huruma. Shati liingizwe ndani ya suruali, na mama anayeleta chakula asikaribie na kitenge kinachoning'inia. Kifuniko cha radiatere kifunguliwe tu motere ikipoa kabisa.

Na kamyo lisiende barabarani kwa sababu tu motere imelia. Hewa ijae, freni zijaribiwe polepole ndani ya uwanja, usukani na taa pia. Njia ya Kasumbalesa si mahali pa kujaribia freni.

7. MAZUTU YAKIINGIA MWILINI

Hapa ninawaomba msome mara mbili.

Chini ya ngozi. Mtu anatafuta bomba linalovuja kwa kupitisha kidole. Anasikia kama sindano. Anatazama: kitone kidogo, damu hakuna, maumivu kidogo. Anaomba plasta arudi kazini. Ndugu zangu, nguvu ya bar 7 tu inaweza kupenya ngozi, na enjektere ina mara nyingi kuliko hiyo. Mazutu yametembea ndani ya kidole mpaka kiganjani. Baada ya saa chache mkono unavimba, unakuwa mgumu, nyama inaanza kufa. Mgonjwa huyu anahitaji kupasuliwa na daktari siku ile ile, hata kama anasema hana maumivu. Akingoja mpaka kesho, anaweza kupoteza kidole au mkono mzima.

Basi mwende hospitali mara moja, mkono ukiwa juu. Msifunge kwa kamba, msikande, msitie maji ya moto. Mgonjwa asile mpaka daktari amwone. Mwambieni mganga maneno matatu: ni mazutu, yalitoka katika bomba la nguvu, na saa ngapi. Kama anataka kutoa plasta tu, ombeni kwa heshima amwite daktari. Na kwa kutafuta mahali panapovuja, tumieni kipande cha karatoni, mkono hapana.

Katika mapafu. Kunyonya mazutu kwa mdomo kwa mpira ni desturi mbaya. Tone dogo likiteleza kwenye mapafu linaleta kikohozi, homa na kupumua kwa shida. Mtu aliyemeza asitapishwe, kwani wakati wa kutapika mazutu yanaingia mapafuni. Msimpe maziwa wala mafuta ya ngazi. Hayo siyo dawa, yanaongeza kutapika. Mkalisheni wima, mpelekeni hospitali, hata kama anaonekana mzima. Wamama, mazutu yasiwekwe kamwe katika chupa ya maji au ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu.

Katika macho. Mazutu au asidi ya batri: osheni papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 kamili, jicho likifunguliwa kwa vidole. Kisha dispanseri.

Moto na maji ya radiatere. Maji safi ya baridi juu ya kidonda dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na yai hapana.

Katika ngozi na nguo. Kunawa mikono kwa mazutu au esansi kunakausha ngozi na kuleta upele usiokwisha. Paka mafuta ya kupikia, futa, kisha nawa kwa sabuni. Freni za zamani zinaweza kuwa na amianti, vumbi linaloharibu mapafu baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa kompresere. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba, na zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto. Mama anayefua anavuta vumbi lile lile.

Mtu akibanwa chini ya kamyo. Msiingie wote chini kumvuta. Kwanza zuieni magurudumu, inueni na kukalisha shasi juu ya miti, ndipo mmtoe polepole bila kukunja shingo. Mtu mmoja aitwe tangu mwanzo kukimbilia gari la wagonjwa.

MASWALI YA KUJIJARIBU

Baba aulize, watoto wakubwa wajibu, kisha wabadilishane.

1. Kwa nini tunasema kriki inainua, haishiki?
2. Risorti ya freni ikifungwa kwa bulon, nini kinalishika kamyo?
3. Kwa nini tunazungusha motere kwa mkono kabla ya demarere?
4. Motere ikikimbia yenyewe, tunafunika nini, na kwa kitu gani?
5. Kitone kimoja kidoleni kimetoka bomba la mazutu. Tungoje kesho, au twende sasa? Tuseme nini kwa mganga?
6. Mtoto amekunywa mazutu. Vitu gani vitatu tusifanye?

Ndugu wafanyakazi, mzoga wa kamyo unaweza kungoja. Ulikwisha kungoja miaka katika majani, utangoja tena siku moja mpaka upate shandeli, miwani na ubao wa kufunikia hewa. Vipuri vya kamyo vinauzwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Vipuri vya mkono wako haviuzwi popote.

Kateni ukurasa huu, mwutundike mahali mnapofanyia kazi. Na mwenye swali aje dispanseri kabla ya kuanza, si baada ya kuumia.